Tembo, Punda na Kipanya

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni, jioni ya mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa. Yamechapishwa kama yalivyosemwa, isipokuwa maneno machache yaliyosemwa kwa Kigogo.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, ndugu walimu, ndugu zangu tuliosoma hapa, na ninyi vijana mlioketi chini kwa sababu wazee wenu tumechukua viti vyote:

Katibu aliponiandikia barua aliniambia nizungumze juu ya jambo lolote nipendalo, ila nisiguse siasa. Nikamjibu kwamba nitazungumza juu ya picha za kuchekesha za magazetini, yaani katuni. Akafurahi sana. Sasa namwomba radhi mbele yenu, maana jambo hilo haliwezi kusemwa bila ya kuwataja marais, na mimi nitawataja wa Marekani na wa kwetu pia.

Nianze hapa hapa Dodoma. Sisi tuliozaliwa huku tulisimuliwa na bibi zetu kwamba zamani tembo mmoja alikuja kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akanasa katika tope na kuanza kuzama, na watu waliomwona wakasema “idodomya”, yaani amedidimia. Mji ukapata jina lake. Kipo na kisa cha pili, ambacho watani zangu Wahehe hawapendi kukisikia. Wanasema Wagogo waliteka ng’ombe wa Wahehe, wakawachinja na kula nyama yote, wakabakiza mikia. Wenye ng’ombe walipofika kuulizia mali yao wakaoneshwa mikia imechomekwa katika tope, wakaambiwa: ng’ombe wenu hao, wamedidimia. Mimi ni Mgogo, kwa hiyo siwezi kuwa hakimu katika kesi hiyo. Naomba tu mvikumbuke vyote viwili, tembo na mikia, kwa kuwa nitavirudia.

Tarehe 7 Novemba 1874, gazeti moja la kila wiki la New York liitwalo Harper’s Weekly lilitoa picha ya tembo anayetaka kudidimia. Aliyeichora aliitwa Thomas Nast. Katika picha hiyo mna punda aliyejivika ngozi ya simba, kama yule wa hadithi ya Esopo mliyoisoma darasani, naye anapiga kelele msituni na wanyama wengine wanakimbia ovyo. Twiga yumo, bundi yumo, mbuni amekificha kichwa chake chini. Pembeni yupo tembo mkubwa, mnene, mwenye hofu, amefika ukingoni mwa shimo lililofunikwa kwa mbao mbovu, na mguu wake umekwisha kuzikanyaga mbao zenyewe. Juu ya mwili wa tembo pameandikwa kuwa ni kura za chama cha Republican.

Maana yake ilikuwa hii. Rais wa wakati ule alikuwa Ulysses Grant, jemadari aliyeshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe, naye alikuwa katika kipindi chake cha pili. Gazeti la New York Herald likaanza kutangaza kwamba Grant anataka kipindi cha tatu, na kwamba akikipata atakuwa kama Kaisari wa Roma. Wakati huo hapakuwa na sheria ya kumzuia, ila desturi tu iliyoachwa na George Washington. Nast alikuwa rafiki na mtetezi mkubwa wa Grant, akaona kelele hizo zitawatia hofu wapiga kura wa chama chake. Ndiyo sababu Herald akalifanya punda mwenye ngozi ya simba, na wapiga kura akawafanya tembo, mnyama mwenye nguvu kuliko wote ambaye hata hivyo anakimbia sauti ya punda na kuliendea shimo.

Uchaguzi wa mwaka ule ulipokwisha, chama cha Democratic kilikuwa kimelitwaa Bunge la Wawakilishi, na tembo akawa ametumbukia kweli. Nast akaendelea kumchora mwaka baada ya mwaka, watu wakamzoea, na hata leo tembo ndiye alama ya chama cha Republican. Punda naye akawa wa Democratic. Nast alikwisha kumtumia mwaka 1870 kuwapiga kijembe watu wa upande huo, ingawa matusi ya punda yalikuwa yamewafuata tangu siku za Rais Andrew Jackson. Jackson alipoitwa punda hakukasirika, akamchukua punda huyo akawa wake. Sisi watu wa nyanda hizi tunaomjua punda, mnyama anayetuletea maji na kuni bila ya kulalamika, hatuwezi kumshangaa Jackson.

Kuhusu kipindi cha tatu niseme neno moja tu. Wamarekani waliandika kikomo cha vipindi viwili katika Katiba yao mwaka 1951. Sisi tulikiandika mwaka 1984, na tangu hapo Rais anaruhusiwa vipindi 2 vya miaka 5. Grant mwenyewe alijaribu kurudi mwaka 1880, katika mkutano mkuu wa chama chake uliofanyika Chicago. Wajumbe walipiga kura mara 36, na mwisho wake akateuliwa James Garfield.

Nast huyu alikuwa mtu wa namna gani? Alizaliwa Landau, Ujerumani, mwaka 1840, akaletwa New York akiwa mtoto mdogo. Shuleni hakufanya vizuri. Alichokijua ni kuchora. (Mwalimu Mkuu asinitazame hivyo, sisemi hayo kuwapotosha watoto.) Kilichomfanya ajulikane ni vita yake na William Tweed, mkubwa wa siasa za mji wa New York, ambaye yeye na wenzake waliiba fedha za mji kwa mamilioni ya dola. Walijenga jengo la mahakama ambalo bei yake ilipanda kila mwezi, na kila fundi aliyeleta hati ya malipo alitakiwa kuijaza zaidi ili wakubwa wapate fungu lao. Magazeti mengine yaliandika habari hizo kwa tarakimu. Nast alimchora Tweed mwenye tumbo kubwa na, mahali pa kichwa, mfuko wa fedha. Inasimuliwa kwamba Tweed alisema hajali yanayoandikwa, kwa kuwa wengi wa watu wake hawajui kusoma, lakini picha wanaziona.

Wakati huo kampuni ya Harper, iliyomiliki gazeti, ilikuwa inachapisha pia vitabu vya shule. Kundi la Tweed likaamuru shule za mji zisinunue tena vitabu hivyo. Kampuni ikala hasara, lakini ikamwacha Nast aendelee. Nast mwenyewe, kwa mujibu wa masimulizi ya maisha yake, alifuatwa na mtu wa benki aliyemwambia kuwa kuna mashabiki wa sanaa wanaotaka kumlipia dola 100,000 aende kusoma uchoraji Ulaya. Nast akafanya kama anayepatana bei sokoni, akapandisha mpaka dola 500,000, na yule mtu akakubali! Alipohakikisha kwamba wanamtaka aondoke kwa bei yoyote ile, akakataa.

Tweed akafungwa, akatoroka mwaka 1875, akakimbilia Cuba na kutoka huko akaenda Hispania. Mwaka 1876 alikamatwa katika bandari ya Vigo. Maofisa wa Hispania hawakuwa na picha yake ya kamera, walikuwa na katuni ya Nast inayomwonesha Tweed amevaa nguo za mfungwa zenye mistari na kuwashika watoto wawili. Kwa kuwa hawakujua kusoma Kiingereza walidhani ni mwizi wa watoto. Hata hivyo uso waliutambua. Alirudishwa New York, akafia gerezani mwaka 1878.

Ningeweza kuishia hapo nikawaachia shujaa wa kumpigia makofi, ila sasa lazima niirudie ile mikia iliyochomekwa topeni. Nast alipotaka kuwachora Waayalandi, maskini waliohamia New York, na ambao wengi wao walimpigia Tweed kura, aliwachora wakiwa na sura za nyani, na wote ni walevi na wagomvi. Hilo halikuwa kweli, ni uongo uliochorwa vizuri. Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1872, Grant alipopambana na Horace Greeley, mhariri wa New York Tribune, Nast alimwandama Greeley kwa miezi bila ya huruma. Greeley alikuwa akihubiri kwamba Kaskazini na Kusini zipeane mikono baada ya vita. Basi Nast akamchora akipeana mkono na muuaji wa Lincoln juu ya kaburi la Lincoln mwenyewe. Mke wa Greeley alifariki siku chache kabla ya uchaguzi. Greeley akashindwa vibaya. Na kabla Novemba haijaisha naye akafa. Sisemi katuni ndizo zilizomwua. Lakini nilipozitazama picha hizo nikijua mwisho wake, kicheko kilinitoka mdomoni.

Tena yako mambo yasiyo na ubaya, ya kuchekesha tu. Mgombea mwenza wa Greeley aliitwa Gratz Brown, na Nast hakuwa na picha yake. Akamchora kama kipande cha karatasi chenye jina lake, kimetundikwa kwenye koti la Greeley, na akabaki hivyo hivyo mpaka uchaguzi ukaisha. Ni wagombea wenza wangapi mnaowajua ambao picha hiyo ingewatosha?

Mwaka 1884 chama cha Republican kilikutana tena Chicago, na safari hii kilimteua James Blaine, msemaji hodari aliyekuwa akituhumiwa kupokea fedha za makampuni ya reli. Nast alikataa kumuunga mkono ingawa alikuwa mtu wa chama hicho hicho. Katika jarida la Puck, mchoraji aitwaye Bernard Gillam alimwonesha Blaine akivuliwa nguo mbele ya wakuu wa chama chake, na mwili mzima umechanjwa majina ya kashfa zake. Hapa kwetu ambapo wazee walichanjwa alama za kabila usoni kwa heshima, fikirini ni aibu gani mtu kuchanjwa rushwa zake. Siku chache kabla ya kura Blaine akaenda kula chakula cha jioni na matajiri wa New York, na kesho yake, tarehe 30 Oktoba, gazeti la World likatoa katuni ya Walt McDougall ikiionesha meza hiyo, imejaa supu ya ukiritimba na vyakula vingine vya namna hiyo, na mbele ya meza familia maskini inaomba makombo. Mpinzani wake, Grover Cleveland, naye hakuachwa. Ilijulikana kwamba alikuwa na mtoto nje ya ndoa, na jarida la Judge likamchora kitoto hicho kikilia kumtaka baba yake. Cleveland aliwaambia rafiki zake waseme kweli. Alishinda jimbo la New York kwa kura zisizofika 1,200, na kwa kura hizo akawa Rais.

Nimeitaja Chicago mara mbili kwa sababu sisi tunayo Chicago yetu, nayo ni hapa. Chama kinachotawala kinapotaka kumteua mgombea wa urais, wajumbe hupanda mabasi kuja Dodoma. Mwaka 1995, katika ukumbi wa Chimwaga, walipigiwa kura watu 3: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Mzunguko wa kwanza Kikwete aliongoza, wa pili akashinda Mkapa. Mwaka 2005 Kikwete akateuliwa Chimwaga hapo hapo. Mwaka 2015 waliorudisha fomu walizidi 30, na aliyetoka ni John Magufuli, ambaye wachache walikuwa wamemtaja. Siku hizo nyumba za wageni hujaa, bei ya chumba hupanda kuliko lile jengo la Tweed, na wachora katuni hawalali.

Haikuwa hivyo sikuzote. Tulipokuwa wanafunzi gazeti tulilolingojea lilikuwa Uhuru, la chama, nalo likifika hapa siku ya pili tayari limekunjwa na kukunjuliwa na watu wengi. Tuliligombania kwa ajili ya Chakubanga. Chakubanga alichorwa na Christian Gregory tangu mwaka 1967, mtu wa kawaida mwenye vituko vyake, na kwa yeye tulijicheka sisi wenyewe: walevi, wavivu, wapenda wanawake, wenye maringo ya mjini. Baadaye likaja jarida la Sani, nalo likatuletea akina Kipepe na Ndumilakuwili. Lakini sikumbuki hata siku moja kumwona Rais akichorwa kwa dhihaka. Chama kilikuwa kimoja, gazeti lilikuwa la chama, na Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa mwenye madaraka uwezo wa kulifungia gazeti. Mkapa huyo huyo, katika miaka ya mwisho ya 1960, alikuwa mhariri wa magazeti ya chama, The Nationalist na Uhuru. Yule mhariri wa nyumba alimotokea Chakubanga alikuja kuwa Rais, akachorwa yeye.

Maana mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa, magazeti ya watu binafsi yakawa mengi, na kalamu zikafunguka. Ali Masoud akatuletea Kipanya, panya mdogo anayesema lile neno ambalo wakubwa katika picha wanajifanya hawalioni. Watu wengi hulifungua gazeti la Mwananchi kwa Kipanya kwanza, habari baadaye, na mimi ni mmoja wao. Godfrey Mwampembwa, mnayemjua kwa jina la Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1969, alikwenda Nairobi mwaka 1992 kuyachorea magazeti ya Nation, akawachora marais wa Afrika Mashariki yote bila ya kubagua.

Januari 2015 gazeti la The EastAfrican likazuiwa nchini. Sababu iliyotolewa na Serikali ni kwamba halikuwa limesajiliwa kwa mujibu wa ile sheria ya 1976. Ila lilikuwa likisomwa hapa kwa karibu miaka 20 bila ya kuulizwa, na wengi walitaja katuni ya Gado iliyomwonesha Rais Kikwete akistarehe, amezungukwa na wanawake waliopewa majina ya maovu kama rushwa. Mwaka 2016 mkataba wa Gado na Nation haukuendelea. Nawaombeni mlinganishe na vile vitabu vya shule vya Harper. Mchoraji hachori peke yake. Nyuma yake yupo mwenye gazeti, na mwenye gazeti ana hesabu zake.

Vijana wataniuliza: je, ni adabu kumchora Rais? Mimi nawajibu kwa mila zetu. Mgogo na Mhehe ni watani. Mhehe anaweza kuja msibani kwangu akaniigiza nilivyokuwa bahili, watu wakacheka huku wanalia, na hakuna wa kumkamata. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshughulika na maziko. Tena mtani hutania kwa uso wake, kila mtu anajua ni nani anayesema. Nast aliweka jina lake chini ya kila picha, hata zile za aibu, ndiyo maana leo naweza kumsifu na kumlaumu. Gado huweka jina. Masoud na panya wake wamekuwa jina moja. Siku hizi naletewa katika simu picha za viongozi zilizogeuzwa geuzwa, nyingine zinachekesha kweli, lakini nikitafuta mwenye picha simwoni. Na yule anayekamatwa kwa picha hizo mara nyingi ni aliyeisambaza kwa kucheka tu.

Hayo nayasema kwa kujua, kwa sababu mimi nami niliwahi kuchora bila ya kuweka jina. Tulikuwa kidato cha tatu. Maharage yalikuwa yana fukusi na sukari ya uji ilikuwa imekwisha siku nyingi, na tuliamini mwalimu mmoja, ambaye simtaji, anaijua njia sukari iliyopita. Usiku nikachukua mkaa jikoni nikachora kwenye ukuta wa nje wa bwalo hili, upande ule wa stoo, punda mwenye miwani ya mwalimu yule akila kutoka katika gunia letu. Asubuhi shule nzima ilicheka. Mchana wakaanza kumtafuta mchoraji, nao wakafikiri kama polisi: ni nani hapa anayejua kuchora? Alikuwapo mwenzetu ambaye michoro yake ya baiolojia ilibandikwa maabara kwa uzuri. Akaitwa yeye. Alisema si yeye, hakuaminiwa, akapigwa viboko 4 na kuchotea jiko maji wiki mbili. Nilimwona akipita na ndoo kila jioni, nami nikakaa kimya. Habari ya sukari kama ilikuwa kweli, hata leo sina uthibitisho. Na mwalimu yule alihamishwa muhula uliofuata.

Ndugu yangu huyo yupo katika ukumbi huu, mstari wa tatu, naye ni Mhehe. Jana jioni nilimfuata pale chini ya mwembe nikamwomba radhi, baada ya miaka zaidi ya 40. Akaniambia alijua tangu siku ile ile, kwa kuwa aliona mkaa katika kucha zangu. Nikamwuliza kwa nini basi hakunitaja. Akasema viboko vilipoa baada ya siku mbili, na maji alizoea. Kilichomuuma ni shule nzima kuamini kwamba mtu wa mkono wake anaweza kuchora punda mwenye masikio ya mbuzi.